Sheria ya Kulinda Kamatanzi

Jumatatu, 17 Februari 2003

Shemeji Augustin ametia vijiti kwenye kinamasi. Vijiti na kamba! Nimeviona saa moja asubuhi, mswaki bado uko mdomoni. Nimemeza dawa ya meno yote.

Kinamasi kiko nyuma ya kiwanja changu. Si cha mtu, ni cha maji. Augustin ni kaka wa mke wangu Bibiane, tena ni mfyatua tofali. Siku hizi watu wanakimbilia Bunia kutoka kila upande, kila mmoja anatafuta ukuta wa kujificha nyuma yake, na tofali za Augustin zinaondoka kabla hazijapoa. Udongo wake umekwisha. Sasa anautaka huu. Anasema atachimba mfereji, maji yateremke mpaka mto Nyamukau, kisha achote kwa raha zake.

Nikamwuliza, na kamatanzi? Akauliza kamatanzi ni nini.

Ni nini! Ni mmea mdogo, mfupi kuliko kidole, una majani mekundu yenye nywele, na kila unywele una tone la gundi. Nzi akitua, harudi kwao. Baba yangu alimbebea Mbelgiji mmoja mbao za kukaushia mimea, na Mbelgiji alimwambia hajauona popote ila hapa. Mimi mwenyewe nimetafuta mpaka njia ya Irumu. Nimerudi na ruba mguuni, basi.

Ninaupenda mmea huu. Naandika hapa tu. Bibiane akisoma atacheka.

Nimehesabu. Iko arobaini na saba.

Mpango: mimi ni ajenti wa Ofisi ya Maji na Mimea, daraja la pili. Mshahara wa mwisho ulifika kabla binti yetu Ketsia hajaota meno, na sasa Ketsia yuko sekondari. Lakini ajenti ni ajenti. Nitaleta arrêté, karatasi ya sheria yenye sahihi na muhuri. Bunia hii watu wanaogopa muhuri kuliko radi. Augustin atang'oa vijiti vyake mwenyewe, nami nitasimama pale mikono nyuma, nikimtazama.

Sijala mchana. 


Jumatano, 19 Februari

Ofisini. Chef, mkuu wa ofisi, amenipokea vizuri. Aliwekwa na wakubwa wa mji. Nasema wakubwa tu. Wamebadilika mara nyingi mno, na jina la leo laweza kukuletea taabu kesho.

Chef amesema wazo ni zuri, nchi inahitaji sheria. Akasema dosie, faili la ombi langu, iwe na nakala tano, kila nakala na mmea wake wa mfano: mzizi, shina, ua, vyote. "Papa Evariste, dosie bila échantillon haiko dosie." Tena mimea miwili kwa kila nakala, mmoja ukivunjika usafirini. Usafiri upi? Kutoka meza yake mpaka kabati lake ni hatua tatu. Sikuuliza. Mtu akikubembeleza hivyo huulizi.

Nimeng'oa kumi, kwa uangalifu mkubwa. Nimeomba radhi kwa kila mmoja. Imebaki thelathini na saba, nyingi sana bado.

Nimeikausha ndani ya kitabu cha nyimbo cha Bibiane. Kitabu kizito, kinabana vizuri.


Jumapili, 23 Februari

Balaa. Bibiane ndiye anayeongoza kwaya. Kufika wimbo wa pili, kitabu hakifunguki. Gundi! Amevuta, ukurasa umechanika, mguu wa nzi umeonekana katikati ya Haleluya. Ameimba kwa kichwa na amechanganya beti. Kwaya nzima imemfuata kwenye makosa.

Hajasema nami tangu ibada. Njiani watu walinong'ona kwamba wengine wameshafunga mizigo, wanaelekea upande wa Mambasa. Nimekaza mwendo. Kisha nimerudi kumngoja Bibiane. Naye hakuongeza mwendo hata kidogo.

Mimea imekauka vizuri, lakini.


Jumanne, 25 Februari

Félicité, dactylo wetu, ameandika arrêté kwa mashine. Amesema, "Ruban ya nyeusi ilikwisha, papa, iko nyekundu tu." Basi kwa utepe huo wa wino sheria yote ni nyekundu, mpaka nukta. Inatisha. Nimependa.

Ibara ya mwisho inanitaja kwa jina. Mlinzi Mkuu! Neno "Mkuu" nimeliongeza mimi, Félicité alipokwenda kunywa maji.

Saa nane imesainiwa. Muhuri umepigwa kwa nguvu mpaka meza imelia.

Nimempelekea Augustin aisome. Amesoma polepole, midomo ikicheza. Ameuliza kama mimi pia nimeisoma. Dharau! Akasema, "Shemeki, weye unachungaka majani, mbuzi yako nani anachunga?" Lakini nimeona jicho lake likirudi kwenye muhuri. Jioni ameng'oa vijiti na kukunja kamba.

Nilisimama pale, mikono nyuma. Mvua ilinyesha. Sikuondoka.


Jumapili, 2 Machi

Bango limesimama. Ubao mpana, rangi nyeupe, maandishi mekundu: jina la wakubwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, kisha KAMATANZI INALINDWA, kisha jina langu. Linaelekea barabara. Hata aliye kwenye pikipiki analisoma.

Régine amekuja kulitazama. Ni mama mkimbizi kutoka Djugu, amelima lengalenga, ile mboga ya majani, kando ya kinamasi na anakaa na watoto wanne chini ya hema la plastiki. Aliuliza kama sheria inamfukuza naye. Nikamwambia hapana, inawafukuza waharibifu tu. Aliyatazama mashimo kumi niliyoyaacha. Akarudi kulima. Mama mpole.

Mchana malori matatu yamepita kwa kasi, watu wamekaa juu ya magunia. Redio inasema mambo ni shwari. Redio ikisema hivyo mimi huanza kutafuta viatu vyangu.


Alhamisi, 6 Machi

Milio tangu alfajiri. Mikubwa. Bati la nyumba linaruka.

Tulikimbia, Bibiane, Ketsia na mimi, bila hata sufuria. Augustin alikuwa amesimama kwenye mdomo wa tanuru lake la tofali akipunga mikono. Tanuru lina kuta nene, na wiki hii hakuwa amechoma. Alituingiza. Alimwingiza Régine na watoto. Mimi alinipa mahali pa ndani kabisa, penye ukuta mnene, yeye akakaa mlangoni.

Niliona aibu. Niliogopa zaidi, kwa hiyo aibu haikukaa. Arrêté ilikuwa ndani ya soksi yangu. Kila mlio nilikuwa naishika.

Mchana kimya. Kimya kibaya. Saa kumi mtu amepita akisema mji una wakubwa wengine.

Ng'ambo ya barabara kwa majirani wanalia. Sitaandika zaidi juu ya hilo. 


Ijumaa, 7 Machi

Tuko nyumbani. Ukuta wa choo na bati la nyumba vimetoboka, sisi wazima. Namshukuru Mungu, nimemshukuru mara nyingi tangu asubuhi.

Kisha Bibiane, akichambua mchele, amesema taratibu bila kuinua uso: "Baba Ketsia, ile pancarte yako ingali pale?"

Bango! Jina la wakubwa waliokimbia, herufi kubwa, rangi nyekundu, chini yake jina langu. Linaelekea barabara! Askari wa wakubwa wapya wanapita barabara hiyo hiyo tangu jana. 

Nimetembea mpaka pale nikipiga mluzi, kama mtu asiye na shughuli. Nimesukuma nguzo. Imekataa. Nimeikumbatia, nimeitikisa, nimening'inia. Gari la askari limekuja. Nikajifanya nalia msiba. Haikuwa vigumu. Gari limepita. Nguzo imekatika na bango limeanguka kwa uso ndani ya kinamasi, nami juu yake.

Limeangukia kamatanzi. Tisa. Zimelala bapa kabisa.

Imebaki ishirini na nane. Nimeacha bango hapo hapo, maandishi chini. Kwa mbali linaonekana kama daraja. Arrêté ameichukua Bibiane, amewashia makaa. Maharage yameiva upesi. Nimekula bila kuinua macho.


Jumatatu, 10 Machi

Augustin amerudisha vijiti. Amengoja siku tatu tu! Anasema sheria imekimbia na wenyewe, na watu hawawezi kulala chini ya plastiki wakingoja majani. Tena aliniuliza kwa upole kama nimelala. Upole wake ndio unaoniudhi kuliko yote.

Nimekwenda ofisini mbio. Kiti ni kile kile, meza ile ile, Félicité yule yule, chef mwingine. Kabati limechukuliwa pamoja na kila kilichokuwamo. Dosie zangu tano! Mimea kumi!

Chef mpya ni mtu wa utaratibu. Amesema karatasi ya waliotangulia haina uzito, tuanze upya. Nikasema nimeanza zamani, chef, ninaanza tena kwa furaha. Anataka nakala saba, maana idara zimeongezeka mbili. Mimea miwili kwa kila nakala.

Nimeng'oa kumi na nne. Ilikuwa lazima. Mfereji wa Augustin umeshafika hatua sita. Mimea isipolindwa upesi, itakwisha yote!

Kumi na nne ndani ya kitabu cha nyimbo. Kumi na nne bado ardhini. Nimeona ni usawa mzuri.


Alhamisi, 13 Machi

Ukungu. Mvua imepitia bati lililotoboka na kitabu cha nyimbo kimelowa. Mimea minane imeoza. Bibiane ameona hali ya kitabu. Amekiweka mezani mbele yangu, akaanza kubandua kurasa moja moja kwa ncha ya kisu. Afadhali angepiga kelele.

Chef amesema ua lazima lionekane. Nimerudi kinamasini na kuchukua minane mingine, ile yenye maua.

Régine alikuwa akichuma lengalenga. Akaniambia, "Papa Evariste, shemeki yako iko nangoa, na weye iko nangoa. Sasa nani iko nachunga?"

Nimemweleza polepole, kama mwalimu. Augustin anang'oa bila karatasi. Mimi nang'oa kwa ajili ya karatasi. Karatasi ikishatoka hakuna atakayeng'oa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza imebaki mingapi. Sita, nikasema. Akarudia, sita. Mama huyu ana kichwa kizuri, angesoma angefika mbali.

Kwenye barrière, kizuizi cha askari, leo wamenipekua mpaka ndani ya kofia. Walipoona mimea mikavu wameuliza kama mimi ni mganga. Nimesema ndiyo. Mmoja ameniomba dawa ya mgongo. 


Jumamosi, 15 Machi

Siku kubwa. Tume ya uhakiki! Chef na mabwana wengine watatu, viatu vyeusi, wamekuja kuthibitisha kama mmea upo.

Nimeamka mapema kufagia njia. Nikahesabu. Mitatu! Jana jioni ilikuwa sita! Kuna mashimo matatu madogo, yamechimbwa kwa usafi. Augustin! Nimekwenda nikamfokea mbele ya wafanyakazi wake, nikamwita mwizi na mharibifu. Amepangusa udongo mikononi, akaniuliza tena kama nimelala. Mwongo mkubwa.

Tume imefika saa nne. Mimea mitatu tu ya kuonyesha! Lakini mambo yamekwenda vizuri sana. Chef ameinama, ameng'oa mmoja, ameuinua kwenye jua. Bwana wa pili ameng'oa wake. Wa tatu pia, anasema atampelekea mke wake aone. Wa nne amelalamika kwamba yeye hakupata. Nimemwomba radhi kwa niaba ya Ofisi.

Wameandika: mmea upo. Wamesaini wote wanne juu ya mgongo wangu, maana meza haikuwapo. Uzito wa sahihi zao niliusikia mpaka kwenye mbavu.


Jumatatu, 17 Machi

IMESAINIWA! Mihuri miwili safari hii, wa bluu na wa zambarau. Ni marufuku kung'oa, kukata, kubeba au kumiliki kamatanzi, mahali popote, kwa sababu yoyote. Mlinzi Mkuu: mimi.

Augustin ameisoma mara mbili. Ameng'oa vijiti, amekunja kamba, amefukia mfereji wake hatua zote kwa jembe lake mwenyewe. Anakwenda kuchimba ng'ambo ya Nyamukau, mbali, barabara yenyewe mbaya. Hakunitukana. Amesema tu kwamba majani sasa yana nyumba na watu hawana.

Nimeshinda. Nilitaka kumwambia mtu. Bibiane alikuwa hayupo, kwa hiyo nilikwenda kuziambia kamatanzi.

Sikuona hata moja.

Nimetafuta kwenye majani marefu. Nimetafuta chini ya bango. Nimetembea kwa magoti kutoka upande mmoja mpaka mwingine, nimepekua mizizi kwa vidole. Nzi wengi. Wanaruka wapendavyo, wanatua usoni mwangu. Hakuna wa kuwakamata.

Nimekaa ndani ya maji nikalia. Baba alinileta hapa nikiwa na miaka saba, akanishika mkono, akaniambia nisiguse. Miaka yote sikugusa. Nikajiuliza imekuwaje. Nimejiuliza kwa uaminifu, mpaka suruali imejaa ruba.

Jibu nimelipata wakati wa kutoka majini: sheria imechelewa. Wangenisainia upesi, yasingetokea haya. Nitaandika barua kali.


Jumatano, 19 Machi

Muujiza! 

Asubuhi Régine ameniita nyuma ya hema lake. Amefunua gunia. Chini yake beseni la plastiki, lina tope na maji, na ndani ya tope kamatanzi tatu! Nyekundu, zinang'aa, moja ina nzi hai anayepiga miguu. Amesema alizihamisha Ijumaa jioni, aliposikia zimebaki sita na mabwana wa viatu wanakuja. Aliona nalia juzi, akanihurumia. Anasema hazitaki mengi, maji ya mvua tu, na kuachwa.

Nimemshika mikono yote miwili. Nimelia tena. Nimemwita dada yangu. Mmea wa baba yangu uko hai Bunia! Nimekimbia mpaka ofisini bila kofia kumweleza Félicité.

Félicité amenisikiliza vizuri. Kisha ameuliza kama huyo mama ana ruhusa.

Hana! Amezing'oa. Amezibeba. Anazimiliki, ndani ya beseni! Ni makosa matatu ya ibara moja, na sheria haijatimiza hata siku tatu. Nimehuzunika sana, kwa sababu ni mama mwema. Lakini Mlinzi Mkuu akifumba macho kwa mtu wa kwanza, atamkamata nani wa pili? Na Augustin angesema nini?


Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi kwa Régine kumpa taarifa kwa heshima. Gunia lipo. Beseni halipo. Amesema hajui beseni gani. Ameendelea kukata lengalenga, tena kwa kisu kirefu kuliko cha jana.

Nimemwuliza Bibiane kama amesikia lolote. Hajui kitu, alikuwa sokoni. Sketi yake ina matope mpaka magotini. Soko limekuwa chafu mno siku hizi. Nimemwuliza Augustin, ameniuliza kama nimelala. Wote wamenigeukia siku moja! Hata Ketsia anacheka dirishani.

Sijali. Nimekwenda kwa Félicité kuandikisha mashitaka. Amesema ruban nyekundu bado ipo. Amesema kesi ni lazima iwe na ushahidi, na utaratibu ni ule ule: kila nakala iambatane na mmea wake, mzima, na mzizi. Nikamwuliza nakala ngapi. Akahesabu kwa vidole: ya chef, ya hakimu, ya kabati.

Tatu! Zinatosha kabisa. Kesho alfajiri naanza kulitafuta lile beseni.